Pakiti za kutunza joto: soma nyuzi, achana na saa

Haya, karibuni. Kabla sijasema lolote, tazameni hii pakiti. Humu ndani kuna kimiminika kiangavu kama maji. Nabonyeza hiki kisahani cha chuma... tk! Mnaona? Kinaganda mbele ya macho yenu, na kadiri kinavyoganda ndivyo kinavyopata moto. Kipimajoto sasa hivi kinasoma 53.

Hii ni sodiamu asetati, aina ya chumvi, pamoja na maji yake. Huyeyuka kwenye nyuzi 58 za Selsiasi, ila ikipoa bila kuchokozwa haigandi, inakaa tu hivyo ikiwa imelifungia joto lake. Kisahani ndicho kichokozi.

Joto hilo linaitwa joto fiche. Chukua barafu: kuyeyusha kilo moja kunakula kilojuli 334. Joto hilohilo lingetosha kupandisha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80! Na barafu yenyewe, muda wote inapoyeyuka, haisogei, iko palepale sifuri. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye lebo ni nyuzi za kuyeyukia. Hizo “saa 12” zilizoandikwa kwa herufi kubwa zinategemea boksi lako la kuhifadhia vitu, hewa ya nje, na umelifungua mara ngapi.

Pakiti ya pili ina nta ya parafini. Nta, jamani, siyo mafuta ya taa. Inabeba takriban kilojuli 200 kwa kilo, si haba, lakini haipitishi joto vizuri. Nimeitoa kwenye maji ya moto sasa hivi: pembeni uji, katikati donge gumu kama jiwe. Ili joto lipite, watengenezaji makini huchanganya grafiti (kaboni kama ile ya penseli) au huweka mapezi ya alumini ndani. Hii haina. Siichukui.

Ya tatu huyeyuka kwenye nyuzi 5, na hii nimeipenda. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi zikiganda zimeharibika. Barafu iliyotoka kwenye friza moja kwa moja inaweza kuzigandisha. Hii ikishaanza kuyeyuka, inashikilia palepale 5.

Kuhusu kudumu, chumvi zina ugonjwa wao: zikiyeyuka na kuganda mara nyingi, baadhi hujitenga, nzito inazama chini. Mwaka 1948 mwanasayansi Maria Telkes alitumia chumvi ya Glauber (sodiamu salfeti pamoja na maji yake) kupasha joto nyumba nzima kwa jua huko Dover, Massachusetts, nchini Marekani. Baada ya majira machache ya baridi mfumo ukashindwa, na kujitenga kwa chumvi kulikuwa sehemu ya tatizo. Kwa hiyo pakiti isiyotaja imejaribiwa mizunguko mingapi, mimi naitilia shaka.

Turudi kwenye hii ya kwanza. Kuirudisha inabidi uichemshe ndani ya maji, na hapo usiwe na haraka. Mara ya kwanza niliitoa nikidhani imeyeyuka yote, kumbe kuna fuwele moja imejificha kwenye kona. Ilipopoa ikaganda yenyewe mezani, nami niko jikoni, joto lote likaishia hewani. Sasa naigeuza na kuipapasa kona zote kwanza, ndipo naiacha ipoe.

Kwa mikono yenye baridi au mgongo unaouma, nanunua hii. Bado inasoma 50, na sijaiachia tangu tuanze.