Flashi ipi ununue Kisumu au Nakuru kwa ajili ya mfumo wa kubebeka

Mweka hazina wa chama anayefungulia barua pepe ya kikundi kwenye saiba mjini Kisumu, mwandishi wa habari wa Nakuru anayetumia laptopu moja ya ex-UK na nduguye, karani wa zahanati anayebeba orodha ya wagonjwa: wote hao flashi moja yenye mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows) ndani itawafaa. Unaichomeka, unawasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo, Windows iliyo kwenye diski inabaki imelala pamoja na virusi vyake, na ukizima, kazi yako haibaki kwenye mashine ile. Mfumo wenyewe ni bure. Pesa inakwenda kwenye flashi, na hapo ndipo wanunuzi huumia.

Nafasi ya kwanza: flashi ya USB 3, GB 16 au 32, ya kampuni inayojulikana

Tails, mfumo unaotumika sana kwa usiri, unahitaji GB 8 kwa uchache. GB 16 hukuachia nafasi ya faili zako, 32 inatosha kabisa, na kupita 64 ni kulipia usichotumia. Kasi ina maana kuliko ukubwa, kwa sababu kila programu unayofungua inasomwa kutoka kwenye flashi. Ya USB 2, hata iwe nzima, itakufanya usubiri kila kitu. Soma maandishi ya pakiti: yaseme USB 3.0 au 3.2. Rangi ya buluu ndani ya kichwa ni dalili tu, hata feki hupakwa.

Uongo mkubwa wa flashi feki ni ukubwa. Chipu yake imepangwa upya itangaze GB 64 ilhali ndani mna 8. Mfumo hukaa mwanzoni mwa flashi, kwa hiyo utawaka vizuri na utaridhika. Hifadhi yako ya kudumu, yaani sehemu ya flashi inayotunza faili zako hata ukizima, hufuata nyuma yake, pale ambapo kumbukumbu halisi imeshaisha. Unahifadhi daftari la michango, unaliona, unazima. Wiki ijayo faili halifunguki. Hakuna fundi wa kulirudisha, maana halikuandikwa popote.

Kwa hiyo ipime kabla ya kuitumia. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw: inaijaza flashi yote kisha inaisoma tena. Flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu dakika 55 kujaza GB 32, kisha kuna muda wa kusoma, basi usitegemee kumaliza ukiwa umesimama dukani. Patana na muuzaji kwamba utairudisha kesho ikifeli, na uchukue risiti. Kwenye Linux, f3probe hutoa jibu kwa muda mfupi zaidi. Ukiuziwa TB 2 kwa shilingi mia tano, hata usipime.

Nafasi ya pili: SSD ya nje (diski ya kasi inayochomekwa kwa waya wa USB)

Ni ya kasi kuliko zote, na inamfaa mtu atakayefanya kazi kutwa kwenye Ubuntu au Linux Mint, mifumo ya bure ya kazi za kawaida. Kwa Tails hatuipendekezi: diski nyingi za nje hujitambulisha kwa kompyuta kama diski isiyochomolewa, na Tails huenda ikakataa kuwaka. Pia ni kubwa, inaonekana, inaibika.

Ya tatu: kadi ya microSD kwenye kisomaji cha USB

Inakubalika ukikwama. Kadi ni rahisi kuficha, lakini kisomaji cha bei ya chini hulegea, na kikitikisika katikati ya kazi mfumo unaganda. Usitegemee tundu la kadi la laptopu. Mashine nyingi haziwezi kuwakia hapo.

Ya nne: DVD

DVD ya kuandikwa mara moja haiwezi kubadilishwa na kirusi chochote, na hilo ni jema kwa kukagua mashine iliyoambukizwa. Ila ni ya polepole, laptopu mpya hazina tundu lake, na kila toleo jipya linataka diski nyingine.

Usinunue kabisa

Flashi isiyo na jina, iliyotumika, au iliyokwisha wekewa mfumo na mtu mwingine. Hii ya mwisho ndiyo mbaya zaidi: unampa mgeni funguo zako zote. Pakua mwenyewe kutoka tovuti rasmi ya mfumo. Tails hukagua faili kwenye ukurasa wake wa kupakua. Kwa Ubuntu, fungua Command Prompt ya Windows, andika `certutil -hashfile jina-la-faili SHA256` na ulinganishe herufi zote na zile za tovuti. Kisha andika faili kwenye flashi kwa programu ya Rufus.

Uweke mfumo upi? Mwandishi wa habari anayelinda chanzo achukue Tails, ambayo hupitisha mawasiliano yake kwenye Tor, mtandao unaoficha yanakotoka. Toleo la 7 linataka RAM ya GB 3, na haliwaki kwenye Mac za chipu za Apple. Mweka hazina achukue Ubuntu au Mint, kwa sababu huduma nyingi za benki hushtuka au hufunga mlango zikiona Tor.

Kuwasha: zima kabisa, chomeka, kisha gongagonga F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, hadi menyu itokee uchague flashi. Kwenye Windows unaweza pia kushikilia Shift ukibofya Restart. Kwenye saiba omba ruhusa kwanza. Kwenye laptopu yako, usiguse Secure Boot (kinga ya kuwasha mashine) kabla hujaandika pembeni ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski; Windows inaweza kuudai na kukufungia nje.

Flashi haikingi kifaa cha kunasa vibonyezo kilichochomekwa kati ya kibodi na kompyuta. Angalia waya wa kibodi nyuma ya mashine, na kamera iliyo juu ya kichwa chako. Stima ikikatika kwenye kompyuta isiyo na betri, kila ambacho hukuhifadhi kimekwenda, na hifadhi ya kudumu inaweza kuharibika.

Ndiyo maana nunua mbili za ukubwa sawa. Tails ina programu ya kunakili hifadhi ya kudumu hadi flashi ya pili. Fanya hivyo kila mwezi unaposasisha mfumo, na ya pili ikae nyumbani. Nenosiri la hifadhi hiyo liwe maneno 5 hadi 7 yasiyohusiana, ukichanganya Kiswahili na Kijaluo au Kiluhya ukipenda. Kwa karani wa zahanati hili lina uzito wa kisheria: chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, data za watu zikiangukia mikononi mwa asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara kwao, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mlipojua.