Miezi mitatu ya jimu mjini Unguja: vyuma ni vizuri, mashine za kukimbilia zinatia shaka

Nilijiunga na jimu hii, iliyopo upande wa Amani, nikiwa na kilo 75 ambazo sehemu kubwa ilikuwa imekaa tumboni, na tangu hapo nimekuwa nikienda mara tatu kwa wiki. Jina lake silitaji, kwa sababu ninayo ya kulalamikia na mwenyewe nimeshamweleza uso kwa uso.

Kinachonirudisha pale ni mwalimu wa vyuma. Siku ya kwanza nilitaka kupanda mashine ya kukimbilia nitoke jasho. Yeye akanipa mpini wa ufagio, akaniamuru niuweke mabegani na kuchuchumaa, visigino visinyanyuke na magoti yafuate vidole vya miguu vinakoelekea. Nilidhani ananifanyia mzaha. Wiki nzima ilipita kabla sijakabidhiwa chuma cha kilo 20, na kila nilipomaliza seti tatu za mara kumi bila mgongo kupinda, aliniongezea kilo mbili na nusu tu, akieleza kwamba msuli hukua unapodaiwa zaidi kidogo ya ulichozoea, kisha ukapewa siku mbili za kupumzika na chakula chenye protini. Hakuniuzia unga wa kopo. Aliniambia pweza, dagaa, mayai na maharage vinatosha, halafu akaongeza kwa adabu: "Urojo kunywa, mzee wangu, ila hizo bajia na chipsi za muhogo za juu zipunguze."

Upande wa mashine za kukimbilia ndiko kwenye kasoro. Zipo nne, zinazofanya kazi ni mbili, na kutu ya hewa yetu ya chumvi imeshaanza kuzila. Jenereta hakuna, kwa hiyo umeme ukikatika mkanda husimama ghafla na wewe ukabaki umekumbatia vyuma vya pembeni. Linaloniudhi zaidi ni kioo chake. Jioni moja nilitembea nusu saa kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, mikono nikiwa nimeiegemeza, kikaniandikia kalori 320, ilhali mashine haikuniuliza hata uzito wangu. Mtu wa kilo 75 kwa mwendo huo hutumia kalori 130 hivi, na akiegemea hupungua zaidi. Anayeiamini ile 320 atarudi nyumbani ajilipe kwa chapati mbili, kisha ashangae mkanda wa suruali haulegei.

Kwa hiyo mazoezi ya pumzi nimeyahamishia uwanja wa Maisara, baada ya sala ya alfajiri, ambako nakimbia dakika moja na kutembea mbili, mara nane, bila kulipa senti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli, na mpangilio huu unanifikisha huko nikijumlisha na safari zangu za miguu za kwenda Darajani.

Ada ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na asubuhi hadi saa tano ni zamu ya wanawake peke yao, utaratibu ambao mke wangu anausifu kuliko mimi ninavyousifu ule wa jioni, maana jioni benchi hugombaniwa. Mwezi ujao nitalipa tena kwa ajili ya vyuma na mwalimu wake. Mwenye jimu ameahidi fundi. Hadi jana zile mashine mbili mbovu zilikuwa bado zimefunikwa kanga.