Raum yangu na mlango wake wa kushoto: miaka miwili Pemba na kigari

Ukifungua Toyota Raum ya toleo la pili upande wa kushoto, mlango wa mbele ukaupeleka mpaka mwisho wake na wa nyuma ukausukuma ukateleza kurudi nyuma, katikati huioni nguzo. Panabaki uwazi mmoja wa kama mita moja na nusu, kuanzia dashibodi mpaka kiti cha nyuma. Wajapani nguzo hawakuitupa, wameificha ndani ya milango yenyewe. Mie ninayo gari hii hapa Pemba kwa miaka miwili na miezi minne sasa, na haya nayaandika kwa ajili ya mtu wa aina moja: miguu haina nguvu, mikono mizima, anataka kuendesha mwenyewe na kigari chake, yaani kiti cha magurudumu, akipakie mwenyewe, bila ya kumwita mtu.

Nilianguka mkarafuu mwaka 2011, msimu umepamba moto, nina miaka 24. Nilikuwa nimeshajaza pakacha, nikanyoosha mkono kulivuta tawi la pili, nililolikanyaga likakatika. Uti wa mgongo ulivunjika, na tangu siku hiyo kiunoni kwenda chini sihisi kitu. Nakaa Vitongoji, kazi yangu ni kutengeneza simu na redio, duka liko Chake Chake mjini, sisi twasema Chake. Anayeijua njia hiyo atasema ni karibu. Kwa daladala haikuwa karibu hata kidogo. Konda na abiria wawili wanibebe, mmoja kwapani na mwengine miguuni, kigari kifungwe juu ya keria, na nikifika Chake nimngoje tena anayeweza kunishusha. Wapo makonda walionibeba kwa heshima miaka mingi, Mungu awalipe. Lakini gari ikishajaa, mtu wa kigari huachwa kituoni, na mvua ya masika haimjui mlemavu.

Nilipokusanya pesa nikavuka na kaka yangu kwenda Unguja kutafuta gari. Yadi ya kwanza muuzaji alisikia neno "mlemavu", akatupeleka moja kwa moja kwenye Noah, akaanza kumueleza kaka: hapa unamweka, hapa kigari chake unakitia, huku nyuma anakaa vizuri. Kaka akamwambia anayenunua ni huyu hapa na anayeendesha ni yeye. Muuzaji akatikisa kichwa, akaendelea kumueleza kaka. Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo tulivyolelewa, lakini mie si mgonjwa na pesa zilikuwa mfukoni mwangu. Tukaondoka.

Kilichoniuma zaidi ni kuona kwamba si yeye peke yake. Gari nyingi zinazosifiwa kuwa "za walemavu" zimetengenezwa kwa mlemavu anayechukuliwa. Kiti kinachozunguka kutoka nje huwa ni cha abiria. Ngazi ya kupandisha kigari huwa nyuma. Milango mipana iko kushoto, na dereva wetu anakaa kulia. Kwa hiyo mwenzangu, kabla hujauliza gari gani, jiulize unataka kukaa wapi. Kama wewe au mzazi wako mnachukuliwa, jibu lako ni jingine, na Toyota Porte itakufaa kuliko yangu.

Nilikuja na futi ya fundi seremala. Kigari changu na mto wake, kutoka chini mpaka ninapokalia, ni sentimita 50. Hicho ndicho kipimo changu, na kila gari nilikisogeza kigari mlangoni nikajaribu kuhama kweli, si kwa macho. Noah iko juu, kuhama ni kupanda, na mabega haya ndiyo miguu yangu, sitaki kuyamaliza nikiwa na miaka 40. Vitz nilihama bila ya shida, lakini gea iko katikati ya viti na kigari hakina pa kukaa ila mtu akipeleke buti. Honda Fit ilinipendeza sana. Makalio ya kiti cha nyuma yananyanyuka yakalala kwenye mgongo wake, panapatikana nafasi kutoka sakafuni mpaka karibu na paa, na kigari kilichokunjwa kinasimama pale wima. Hendibreki yake ni ya mkono, katikati, nzuri kabisa. Ila kigari lazima kiingizwe kwa mlango wa nyuma na mtu aliyesimama, na mie nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha dereva. Mwenye mguu mmoja mzima, anayetembea kwa gongo, aiangalie Fit kabla ya nyengine zote. Mafundi wa Chake watakuambia spea za Toyota utazipata kwa haraka zaidi, na ni kweli, lipime na hilo.

Porte ina mlango mmoja mkubwa wa kushoto unaoteleza kwa umeme na sakafu yake iko chini. Kuingia ni raha. Niliogopa vitu viwili: mota ya mlango, ikifa nani ataitengeneza huku kwetu, na hiyo sakafu ya chini kwenye njia za ndani wakati wa mvua.

Raum niliikuta yadi ya tatu, ya mwaka 2004, injini ya 1500, otomatiki. Nikaenda upande wa dereva kama kawaida, nikahama, kigari kikabaki nje. Nikasema basi, na hii vilevile. Nilikuwa nimeshatoka, niko kwenye kigari upande wa kushoto, kaka anafungua milango kuangalia kutu. Ndipo nikaona gea. Haiko katikati, imetoka kwenye shina la sukani, na baina ya viti viwili vya mbele hapana kitu. Nikajiuliza kwa nini niingie kwa mlango wa dereva.

Hivi ndivyo ninavyoingia kila asubuhi. Nasogeza kigari kwa mshazari kwenye kiti cha abiria, nafunga breki za magurudumu, mkono wa kushoto kwenye kigari, wa kulia kwenye kiti, najinyanyua, nakaa. Naivuta miguu ndani mmoja mmoja kwa suruali. Mto naurusha kiti cha dereva. Halafu nakigeukia kigari: nakikunja, nakiinamisha mpaka magurudumu madogo yapande sakafuni nyuma ya kiti nilichokalia, kisha nakivuta kwa mkono mmoja huku mwengine umeshika mpini wa juu ya mlango. Kwa kuwa hapana nguzo, hakigongi popote. Kinaingia chote. Nasukuma mlango wa nyuma, nafunga wa mbele, nateleza kwenda kiti cha dereva juu ya ubao mdogo wa mvule uliopigwa msasa, nauchomoa ubao, tayari. Mwanzo nilitumia dakika kumi na moja, nafika nimeloa jasho. Sasa ni dakika nne. Na jambo ambalo sikulifikiria kabla: huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo nikisimama pembezoni mwa barabara nashukia upande wa majani, siyo upande wa magari. Aliyekaa chini kwenye kigari huku lori la mchanga linampita anaijua tofauti yake.

Gari peke yake haitoshi. Mpwa wangu wa Maskat aliniletea mpini wa mkono, yaani fimbo ya chuma inayofungwa chini ya sukani na vyuma viwili virefu vinavyokwenda mpaka kwenye pedeli. Unausukuma mbele, gari inafunga breki. Unauvuta kuja kwako, inakwenda. Pedeli zinabaki pale pale, kaka akitaka kuendesha anaendesha kwa miguu yake. Kwenye Raum mpini lazima ukae kulia, kwa sababu kushoto ipo gea. Bahati nzuri indiketa za gari za Japani ziko kulia, nazibonyeza kwa kidole huku kiganja kimeshika mpini. Mkono wa kushoto unashika kirungu kilichofungwa kwenye sukani, nazungusha nacho duara zima bila ya kuachia. Fundi aliyenifungia alifanya kazi siku mbili, na siku ya tatu alikaa pembeni yangu kwenye uwanja wa wazi upande wa Gombani mpaka aliporidhika nafsi yake.

Ukifunga mpini kama huu, nati zake zikague kila wiki kwa mkono wako. Mwezi wa tatu, baada ya kutoka Micheweni kwa njia mbovu, nilisikia mpini wa mafuta unacheza. Nikasimama, nikamwita kijana aangalie chini: nati ya chuma cha mafuta ilikuwa imebakia mizunguko miwili itoke. Siku hiyohiyo fundi alitia nati mbili mbili, moja kuikaza mwenzake, na tangu hapo haijatikisika. Sijalisahau.

Kilichobaki ni breki ya kuegeshea, na hapa Raum haikunifikiria. Yangu ni ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Ni kwa sababu hiyohiyo katikati pako wazi, huwezi kuvipata vyote. Wiki za mwanzo nilikuwa naikandamiza kwa fimbo yenye mpira mwishoni, na mlima wa kushuka Chake si mahali pa kutafuta fimbo iliyoanguka chini ya kiti. Fundi akachomelea bomba jembamba kwenye pedeli ile, likapanda mpaka karibu na goti langu, na juu akatia mpira wa mpini wa baskeli. Nabonyeza kwa kiganja. Bomba likipinda kidogo tu litagusa pedeli ya breki kubwa, kwa hiyo nalitazama kila ninapoosha gari. Kama unataka kununua na huna fundi wa kuchomelea unayemwamini kwa roho yako, Raum usiichukue.

Juu ya viti. Mafundi wetu wanapenda kuvalisha viti rexine, ile ngozi ya plastiki, inang'ara, haishiki uchafu. Asiyehisi asikubali. Gari ikikaa juani pale nje ya soko la Chake, rexine inaunguza, na wewe huna khabari mpaka usiku unapovuliwa suruali. Mie niliungua paja kwa kifungio cha mkanda, chuma kidogo tu kama kisanduku cha kiberiti, kilikuwa kimelalia kiti mchana kutwa. Kidonda kile kilikaa wiki saba. Sasa viti ni vya kitambaa chake cha asili, kioo cha mbele nakiziba kwa kipande cha mkeka, mkanda nautundika kabla ya kushuka, na kabla ya kukaa napitisha kiganja kila mahali nitakapokalia. Mto wa kigari nahama nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na muuzaji yeyote wa gari hatakwambia haya.

Kasoro zake nyengine nitazitaja upesi. Iko chini, kwenye njia za mashamba wakati wa mvua nasikia tumbo linasugua. Reli ya mlango unaoteleza inakusanya mchanga, kila Ijumaa naisafisha kwa brashi ya rangi na kitambaa chenye mafuta kidogo, nikiacha wiki mbili mlango unakuwa mzito, na mlango mzito kwa mtu aliyekaa ni taabu kubwa. Mipira ya kuzuia maji pale milango inapokutana ilikuwa imekwisha, mvua ikaingia, nikanunua mengine. Na sehemu ya kuegesha ukutani upande wa kushoto kwangu haifai, nahitaji zaidi ya mita moja ya wazi. Pale hospitali siku moja mtu aliegesha karibu yangu kushoto, nikamngoja saa mbili.

Gari nilinunua milioni 10 na laki 8, ikiwa na namba. Meli ya kuja Mkoani, kufunga mpini, bomba na mipira vikanifikisha karibu milioni 12 na nusu. Mpini wenyewe ni zawadi, usiuhesabu. Mafuta haili sana, na spea za injini hii ziko kila duka kwa sababu ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye IST ya 1500.

Mwezi uliopita khalati yangu wa Wete aliumwa usiku. Zamani ningesubiri alfajiri, daladala ya 606 ya kwenda Wete, na watu wa kunibeba. Nilivaa, nikapakia, nikatoka Vitongoji saa tano na robo, peke yangu, taa zinamulika mikarafuu pande zote mbili. Nilipofika mlangoni khalati akauliza, "Nani kakuleta mwanangu?"

Anayetaka kuijaribu aje na kigari chake mwenyewe, asubuhi kabla ya saa mbili. Roda moja ya mlango wa nyuma imeanza kulia, nimeshaagiza Unguja, lakini milango yote bado inafunguka.