Siku tatu za kunyamaza njia ya Kaole: uzoefu wangu wa mafunzo ya taamuli ya Kibudha, Bagamoyo

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Nililipa Sh 240,000 kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi: chumba cha watu wawili, chakula na mafunzo yote. Nauli ni yako. Kwa mshahara wa muuguzi hiyo si hela ya kuchezea, na nusu yake alinitolea mdogo wangu, aliyekuwa amechoka kunisikia nikifoka kwenye simu.

Mimi ni mkunga. Mwaka wa kumi na moja huu niko leba, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Miaka ya mwanzo tulipompoteza mama au mtoto nilikuwa najifungia chooni nalia, narudi wodini macho mekundu. Baadaye kilio kikakauka, na mahali pake ukaingia ulimi. Mliojifungulia hospitali zetu mnayajua yale maneno: "Wakati unaitafuta hukulia, leo kelele za nini?" Nilikuwa nikiwasikia wenzangu wakiyasema, nakunja uso. Mwezi wa tatu mwaka huu niliyasema mimi, kwa binti wa miaka kama 17. Hakujibu. Aliacha kulia, akawa ananifuata kwa macho kila ninakokwenda, kama unavyomwangalia mbwa usiyemjua.

Hayo macho ndiyo yaliyonipeleka Bagamoyo. Niliwahi kusikia kwenye semina habari za Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979, kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu taamuli, yaani kukaa kimya na kuiangalia pumzi na akili, iliyotoka kwa Wabudha, akaiondolea vazi la dini na kuifanya kozi ya wiki 8. Nikajiambia, kitu kilichokubaliwa hospitali hakiwezi kuwa uganga. Dini sikwenda kuitafuta, ninayo.

Kutoka Dar ni gari la Makumbusho, halafu bajaji. Nyumba yenyewe ni ya wageni, njia ya Kaole, ina minazi na upepo, na sebule imetolewa makochi, zimetandikwa jamvi na mito. Kwenye kona kuna sanamu ndogo ya Budha na ua moja kwenye glasi. Wapo walioiinamia, wapo ambao hawakuinama, na hakuna aliyeuliza mtu. Tulikuwa 14. Mwalimu alikuwa mtawa kutoka Sri Lanka, mwembamba, joho la rangi ya manjano iliyokolea, na kicheko hakiko mbali. Mwandaaji alitukumbusha mara tatu jioni hiyo moja kwamba Bagamoyo maana yake ni "bwaga moyo". Ukoo wa mama yangu ni wa hapa hapa Magomeni ya Bagamoyo, na kila mgeni huambiwa hivyo kabla hajapewa maji ya kunywa. Tumeshachoka.

Simu zikakusanywa kwenye kapu, ukimya ukaanza baada ya chai.

Sasa niseme kasoro kubwa kuliko zote, ambayo si mbu wala kitanda. Ni ukalimani. Mtawa alisema Kiingereza, na kijana mmoja akageuza Kiswahili. Kijana mwema, lakini alikuwa anageuza neno kwa neno. Lile jambo ambalo ndilo msingi wa yote, kwa Kiingereza "mindfulness", yeye akaliita "kuijaza akili". Mstaafu mmoja wa benki aliyekaa nyuma yangu akanong'ona, "Yangu imejaa tayari, ndiyo iliyonileta." Ukimya wa kwanza ukavunjika hapo, kwa kicheko.

Mtawa akauliza tunacheka nini. Alipoelezwa, akaliacha lile neno la Kiingereza, akatupa la Kipali, lugha ya vitabu vyao: sati. Akasema asili yake ni kukumbuka. Unakaa na pumzi, akili inakwenda sokoni, inakwenda kwa mdeni wako, kisha unakumbuka, unarudi. Kukumbuka huko ndiko kazi yenyewe, si kukaa bila mawazo.

Mimi hapo nilishtuka, maana hata dhikri, kwa Kiarabu, ni kukumbuka. Bagamoyo ni mji wa tarika ya Kadiria tangu enzi za Sheikh Yahya bin Abdallah, yule Sheikh Ramiya, na nimekua nikipelekwa kwenye dhikri nikiwa mtoto wa kulala mapajani. Sisemi ni kitu kimoja. Kule unamkumbuka Mungu, na pumzi inasukumwa kwa pamoja mpaka nyumba inatikisika. Huku pumzi huigusi, unaiacha ipite puani kama inavyotaka, na humkumbuki mtu. Lakini neno lile lilinifungulia mlango ambao "kuijaza akili" lilikuwa limeupiga komeo. Waandaaji, kama mnasoma: tafuteni Mswahili wa kukaa na huyo kijana siku mbili kabla ya mafunzo.

Kukaa kwenyewe kunauma. Nimekaa jamvini maisha yangu yote, lakini sijawahi kukaa bila kujigeuza. Dakika ya 20 mguu unakufa ganzi, ya 30 unaanza kumchukia mtu aliyekwambia uje. Viti vipo, ila mzee wa benki alivikataa kwa ushindani mpaka mtawa alipotuhadithia habari za Sona, mwanafunzi wa Budha aliyekazana na mazoezi mpaka nyayo zikatoka damu. Zamani alikuwa mpiga ala ya nyuzi. Budha akamuuliza, uzi ukikazwa sana ala yako ililia vizuri? Na ukilegea je? Kijana wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, anayepiga zeze alitikisa kichwa kama aliyeulizwa yeye. Jumapili mzee alikuwa kwenye kiti.

Chakula: hakuna nyama wala samaki. Wali, maharage ya nazi, mchicha, viazi vitamu, na mpishi anajua kazi yake. Ila baada ya mchana ni chai ya tangawizi na matunda tu, kwa desturi ya watawa wao ambao hawali baada ya saa sita. Hebu fikiria kulala na papai tumboni Bagamoyo, upepo unakuletea harufu ya samaki wa kukaanga kutoka kwa jirani. Usiku wa kwanza sikulala. Mbu nao walinisaidia, chandarua changu kilikuwa na tundu la kupita kidole. Sila, yaani mwiko, ya kwanza kati ya zile tano za Wabudha ni kutoua kiumbe hai. Mimi nimewaona wajawazito wenye malaria. Niliwaua watatu, nikaomba radhi kwa nani sijui, nikalala.

Jumamosi mchana maji yalipokupwa tulipelekwa pwani kufanya taamuli ya kutembea. Mguu unanyanyuka, unasogea, unatua, nawe unausikia kila hatua. Watu 14 kwenye mstari, mwendo wa mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Watoto walitufuata wakitucheka kwamba tumerogwa. Nikaona mama mmoja anakuja kwa mbele na beseni kichwani. Alipokaribia nikamtambua, na miguu yangu ikapoteza hesabu. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, tumbo moja.

"He! Si wewe? Umekuja lini?"

Nikatua mguu. Nikanyanyua mwingine.

"Mbona huniamkii?"

Niambieni mngefanya nini. Kuna Mswahili wa kupishana na mama yake mdogo mchana kweupe akampita kimya?

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Mbona mnatembea kama mnazika? Na unalala wapi? Kwa wageni? Na kitanda changu je?"

Aliondoka akisonya, beseni halitikisiki. Jioni mwandaaji akanisema mbele ya wenzangu kwamba nimevunja ukimya. Mtawa alipopata habari alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema ukimya umewekwa ili tusitawanyike na tusiumizane kwa maneno, haukuwekwa ili mkubwa apitwe bila salamu, na kwamba kwao watoto huwainamia wazazi mpaka miguuni.

Lakini jambo lililonikaa si hilo. Ile shikamoo lilikuwa neno langu la kwanza tangu usiku uliotangulia, na nililisikia likitoka. Nilisikia koo, nikasikia sauti yangu imeshuka yenyewe. Wodini naamkia watu na kuamkiwa labda mara thelathini kwa zamu, na sikumbuki hata moja.

Jumapili ilikuwa siku ya huruma. Hapa ukalimani ulitaka kuniharibia tena, tuliambiwa "tujionee huruma". Kwa Kiswahili chetu anayejionea huruma ni mtu wa kulalama. Mpishi, aliyekuwa anapitisha chai, akamnong'oneza yule kijana mkalimani: "Waambie wajionee imani." Ikakaa sawa.

Mazoezi ni haya: unajitakia heri mwenyewe, niwe salama, niwe mzima, niishi kwa wepesi. Kisha unamtakia umpendaye, kisha mtu usiyemjali wala kumchukia, kisha aliyekukera. Usiyemjali, nilimchagua mlinzi wa mlango wa wodi, nikagundua sijui ana watoto wangapi. Aliyenikera, nilipanga kumweka bosi wangu mmoja. Nikafumba macho, akaja yule binti wa miaka 17, naye hakuwahi kunikera kwa lolote. Nikakaa naye. Machozi yalinitoka, ya kwanza kwa miaka mingi, na hakuna aliyenipa kitambaa wala kunigusa, jambo ambalo nalishukuru.

Baadaye nilimfuata mtawa kwenye muda wa maswali, nikamwambia huruma yangu imekwisha. Akanieleza mafundisho ya Buddhaghosa, mwanazuoni wao aliyeandika huko Sri Lanka karne ya 5. Kwao moyo una hali nne za kukuzwa: upendo mwema, huruma, kufurahia heri ya mwenzako, na moyo usioyumba. Kila moja ina adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali wa huruma ni ukatili, huyo kila mtu anamwona. Adui wa karibu ni huzuni, naye ni hatari zaidi maana anafanana na huruma yenyewe. Anayezama pamoja na mgonjwa hamsaidii, na mtu hawezi kuzama kila siku, kwa hiyo mwishowe anakimbilia ng'ambo ya pili. Nilitulia kimya. Chooni na ulimini, kote nilishafika, na hakuna mwalimu wa chuo cha uuguzi aliyewahi kuniambia kwamba vile viwili ni njia moja.

Sasa kero yangu ya pili. Kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri, saa kumi na moja mnakaa, na kikao ni cha lazima. Jumamosi tukaambiwa sauti yoyote ikija tuisikie kama sauti tu, tusiifuate. Muda si muda adhana ikaanza, msikiti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jogoo nitamsikia kama sauti tu. Adhana ni wito. Nikainuka. Mwandaaji akanifuata hadi ukumbini kuniambia nasumbua wenzangu. Nikaswali. Mtawa kesho yake aliniwekea mto karibu na mlango ili nitoke bila kumruka mtu, lakini ratiba haikubadilishwa, na hilo ni la mwandaaji. Kupanga kikao cha lazima wakati wa alfajiri Bagamoyo ni kutojua umefungua duka mtaa gani.

Wanaouliza kama inafaa kwa anayeanza: inafaa, siku tatu zinatosha kuonja. Mwenzangu wa chumbani alikuwa ameshapitia zile kozi za siku 10 za S. N. Goenka, mwalimu wa taamuli mzaliwa wa Burma aliyefariki mwaka 2013. Kule mnaamka saa kumi alfajiri, mnakaa kama saa 10 kwa siku, na hulipi kitu, unachangia ukitaka ukishamaliza. Alisema siku ya pili alitaka kuruka ukuta. Kwa walioko Dar, kuna hekalu la Kibudha Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka waliokuja enzi za ukoloni. Ukienda Bagamoyo beba chandarua chako, khanga nzito ya kujifunika alfajiri, na kula vizuri mchana.

Nimerudi kazini wiki ya tano sasa. Wiki ya kwanza nilimfokea ndugu wa mgonjwa mlangoni, kwa hiyo msinione mtakatifu. Juzi usiku kitanda cha sita alikuwa anapiga kelele, mwenyewe nina saa tisa sijaketi, na lile neno lilishakuwa limefika kwenye meno. Nilikuwa nanawa mikono. Nikayaacha maji yapite, ya baridi, nikahisi yanavyoshuka vidoleni. Nikaenda, nikasema, "Pole mama, nipo." Sauti yenyewe ilikuwa kavu, ila hayo ndiyo maneno yaliyotoka. Mlinzi wa mlango ana watoto wanne.

Mafunzo mengine ni mwezi wa kumi na moja. Nimewaandikia kwamba nitalipa wakishasogeza kikao cha alfajiri kwa nusu saa. Hawajajibu. Mama mdogo ameshatandika kitanda, anasema safari hii nikanyamazie kwake.