TAHADHARI: Kampuni ya mikopo inayopokea amana kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, leseni yake ni ya kweli na ndiyo inayowatapeli watu

Wa Kariakoo na Mbagala mnaijua ofisi ninayoisema. Jina siliandiki kwa sababu shauri liko polisi na wakili ametuomba tuliache kwanza. Kuhusu njia wanayotumia hakuna aliyetuomba tunyamaze, na njia hiyo wataihamishia mtaa mwingine na jina jipya kabla ya mwaka kuisha. Someni hadi mwisho, hasa wale ambao malipo yao yanasubiriwa tarehe 5.

Meza ni ileile kwa kila aliyepita pale. Unakaribishwa kiti, chupa ya maji baridi inawekwa mbele yako. Ukutani, juu ya kichwa cha ofisa, kuna fremu nne: cheti cha usajili wa kampuni cha BRELA, cheti cha TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara ya halmashauri, na ya nne, kubwa kuliko zote, leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Ofisa hakuharakishi. Anakwambia usome, upige picha, uende ukaulize Benki Kuu kama ni ya kughushi. Waliokwenda kuuliza waliambiwa kweli, kampuni hiyo ipo na leseni yake ni hai. Wakarudi wamepoa kabisa, wakaleta na dada zao.

Kisha inatoka kalkuleta. "Milioni 10 zako benki zinakupa nini kwa mwaka?" Unajibu unavyojua. Anabonyeza, anakugeuzia kioo: laki tano kila mwezi, kila tarehe 5, kabla ya saa sita mchana. Mkataba una kurasa tatu na mhuri wa wakili. Kichwa chake kinasema "Mkataba wa Ubia wa Uwekezaji", neno amana halimo popote. Ukurasa wa pili una kifungu kinachoipa kampuni haki ya kusogeza tarehe ya malipo kwa siku 90 "endapo hali ya soko itabadilika", na hakuna aliyekisoma maana wakati huo ofisa anakuwa anakueleza habari za ada za shule za Januari.

Halafu malipo. Unapewa Lipa Namba, unaiandika, unaweka kiasi, na kabla ya namba ya siri simu inakuonyesha jina la anayelipwa. Jina lile halikuwa la kampuni. Lilikuwa la duka. Kila mtu aliliona, hilo ndilo linalouma mpaka leo. Kila mtu aliinua macho akauliza, na kila mtu alipewa jibu lilelile kwa sauti ileile ya upole: akaunti ya kampuni inafanyiwa marekebisho na benki, hii ni ya mkurugenzi, risiti utapewa ya kampuni. Kidole kikashuka. Sekunde tano, akiba ya miaka mitatu ikaondoka, na risiti ya karatasi yenye nembo nzuri ikachapishwa.

Msituite wenye tamaa. Akaunti ya kawaida ya akiba benki inatoa asilimia 2 au 3 kwa mwaka, na hapo bado makato. Hatifungani ya serikali, yaani hela unayoikopesha serikali kwa riba, ile ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56, na waliochelewa walibaki wakitafuta pengine pa kuweka. Kampuni hii haikuzuka jana. Mama ntilie na bodaboda wamekopa pale kwa muda mrefu, wamerejesha, wamekopa tena. Tarehe 5 ilipofika hela iliingia kweli, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Waliopigwa ni pamoja na walimu, wahasibu wawili, na mstaafu aliyewahi kukaa dirishani benki. Watu wanaojua hesabu.

Sasa kuhusu ile fremu ya nne. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imegawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni taasisi zinazoruhusiwa kupokea amana za umma, benki za huduma ndogo za fedha. Daraja la pili ni wakopeshaji wasiopokea amana: wanakopesha kwa mtaji wao, basi. Daraja la tatu ni SACCOS, zinazopokea akiba za wanachama wake. Daraja la nne ni vikundi vya kijamii kama vikoba vyetu. Leseni iliyo ukutani pale ni ya daraja la pili, na imeandikwa hivyo waziwazi juu yake. Kwa hiyo karatasi tuliyopiga picha na kuisambaza kwenye magrupu kama ushahidi wa usalama ndiyo karatasi inayosema watu hawa hawaruhusiwi kupokea amana ya mtu yeyote, hata shilingi elfu moja. Ndiyo maana mkataba ukaitwa ubia. Na aliyekwenda Benki Kuu aliuliza swali la nusu. Aliuliza "wana leseni?" akajibiwa ukweli. Swali lilikuwa "wana leseni ya kupokea amana?"

Hesabu yao nayo haijawahi kusimama hata siku moja. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Chukua milioni 10 za mtu mmoja. Aliyemleta alilipwa asilimia 10 papo hapo, zimebaki milioni 9. Wakizikopesha zote kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na kila mkopaji akarejesha bila kuchelewa, na ofisi isilipe kodi ya pango wala mshahara, wanapata 315,000 kwa mwezi. Wamekuahidi 500,000. Pengo la 185,000 linazibwa na hela ya mtu wa jana na wa kesho.

Na hata wasipokopesha chochote, milioni 9 zikikaa tu kabatini zinatosha kukulipa laki tano kwa miezi 18. Hiyo "riba" ya miezi sita tuliyokuwa tunaishukuru ilikuwa milioni 3 za kwetu wenyewe tunarudishiwa kwa mafungu. Kulipa kwa wakati kunathibitisha kwamba wateja wapya wanaingia. Hakuthibitishi kitu kingine. Mwezi wa nne mpaka wa sita ndipo simu zinapoanza za kukuomba uongeze, kwa sababu ndipo ndoo inapoanza kupungua, na wengi waliumizwa na nyongeza kuliko na kiasi cha kwanza. Kuna waliouza kiwanja kwenye nyongeza.

Hawa watu wafungwe. Sisemi wapewe onyo wala wafungiwe ofisi wiki mbili. Kuendesha upatu wa aina hii ni kosa chini ya kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu, na kupokea amana za umma bila leseni ni kosa chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006. Ndiyo makosa yaliyowapeleka mahakamani viongozi wa upatu wa DECI, wale waliowaambia watu wapande mbegu wavune, mpaka serikali ilipoufunga upatu huo mwaka 2009. Wengi tulikuwa watu wazima tayari. Tuliona foleni za waumini, tuliona vilio, tukasema haitatupata. Nyumba zao zizuiwe, magari yazuiwe, lile duka lenye Lipa Namba lifuatiliwe mmiliki wake ni nani na hela zilitoka kwenda wapi. Na mawakala waliokula asilimia 10 wazirudishe. Mnajijua. Mnatupita njiani mkitazama chini.

Dalili zilikuwepo, nazitaja haraka. Riba inasemwa kwa mwezi, si kwa mwaka. Ukizidisha 5 kwa 12 unapata 60, na hakuna benki inayokupa 60. Kamisheni kwa anayeleta mtu. Jina la anayelipwa kutofautiana na jina la mkataba. Leseni ya kukopesha inayoonyeshwa kwa mtu anayekuja kuweka. Hakuna alama wala tangazo la Bodi ya Bima ya Amana popote ofisini. Hesabu zilizokaguliwa hazipo, ukiziomba unaambiwa njoo wiki ijayo. Na ule msemo wao kwamba nafasi za asilimia 5 zinafungwa Ijumaa.

Kwa anayeuliza basi aweke wapi, njia zipo, zina riba ndogo na zina utaratibu.

Amana ya muda maalumu benki: nenda benki tatu, uliza kiwango cha miezi 6 na 12, kisha jadiliana, maana kiasi kikubwa hupewa kiwango tofauti na kilichobandikwa ukutani. Wakikubali asilimia 9 kwa milioni 10 kwa mwaka, riba ni 900,000, inakatwa kodi ya zuio asilimia 10, unabaki na 810,000. Uliza kabla ya kusaini adhabu ya kuvunja mapema, na uliza kama ikiiva inajiendeleza yenyewe, la sivyo utakuta imefungwa mwaka mwingine wakati unaihitaji. Hela inatoka akaunti yako kwenda akaunti yako ndani ya benki hiyohiyo, kwa jina lako. Bodi ya Bima ya Amana inamkinga kila mwenye amana mpaka milioni 7.5 katika benki moja ikifilisika, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 1.5. Mwenye milioni 15 azigawe benki mbili. Kinga hiyo haigusi SACCOS wala kikoba wala kampuni ya mikopo.

Hatifungani za serikali: kianzio ni shilingi milioni 1. Unafungua akaunti ya CDS, ile inayotunza rekodi ya hatifungani zako, kupitia benki au dalali wa soko la hisa aliyeidhinishwa, unajaza fomu ya zabuni kabla ya mnada, na riba inaingia benki kwako mara mbili kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 12.56, milioni 10 za thamani ya hatifungani zinatoa 628,000 kila miezi sita. Ukikwama unaweza kuiuza sokoni Dar es Salaam kabla haijaiva, lakini bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia, kwa hiyo usiweke hela ya kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Ukishanunua, dai taarifa ya CDS yenye jina lako na namba ya hatifungani. Dalali asiyeitoa hajakununulia.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS, iko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Haiahidi kiwango, bei ya kipande inapanda na kushuka, na anayekupigia simu akikuahidi asilimia maalumu kwa jina la mfuko huo si wao. Matapeli wanatumia nembo hizo pia.

Waliokwisha kuweka pale, fanyeni hivi wiki hii. Ombeni mtandao wenu taarifa ya miamala ya miezi yote, iliyogongwa mhuri, maana ujumbe wa simu unafutika. Pigeni picha mkataba kurasa zote tatu, mbele na nyuma. Nendeni polisi mkachukue RB, ile namba ya taarifa yako polisi, kila mtu yake. Msitegemee RB ya kikundi kama hela ilitoka kwenye simu yako. Pelekeni nakala Benki Kuu kwa maandishi, mkapokelewe kwa mhuri kwenye nakala yenu. Ujumbe wowote wa kitapeli unaotumwa kwenye simu upelekwe namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kuna watu wameanza kupiga simu wakijiita wapelelezi wa kurejesha fedha, wanaomba 150,000 ya "kufungulia jalada". Wanajua kiasi ulichoweka na tarehe. Wameyajuaje? Orodha imetoka kwenye ofisi ileile. Polisi hawatozi hela ya jalada. Kata simu, andika namba, peleka pamoja na RB yako.

Na ile fomu ya bluu inayogawiwa tangu Jumatatu, ya kuhamishia mtaji kwenye "mpango wa dhahabu" wa asilimia 8: aya ya mwisho, kwa herufi ndogo, inasema kwa kusaini unakubali kwamba kampuni haikudai wala haidaiwi chochote kwenye mkataba wa awali. Ukiisaini, deni lako unalifuta kwa mkono wako na jalada lako polisi linakosa miguu. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa ameshashika kalamu jana. Mpigieni simu kila mnayemjua aliyeweka hela pale, leo, kabla hajapanda zile ngazi tarehe 5.