Joka la Mashariki au Joka la Magharibi: Lipi Lichorwe Mkononi?

Kijana wa Arusha anayetaka kuchorwa tatuu ya joka huonyeshwa na fundi picha mbili zinazofanana kwa magamba tu, kwani maana zake zimeachana mbali.

Joka la Kichina kwa kawaida halina mabawa, mwili wake ni mrefu kama wa nyoka, nalo huhusishwa na mvua, mito na baraka; chini ya nasaba za Ming na Qing, lile la kucha tano lilikuwa alama ya mfalme mkuu, na raia wa kawaida hakuruhusiwa kulivaa. Wajapani walilipokea, mara nyingi kwa kucha tatu, wakalichora mgongoni pamoja na mawimbi na mawingu, ingawa serikali yao ilipiga marufuku tatuu kuanzia 1872 hadi 1948. Anayehesabu kucha kabla sindano haijagusa ngozi hapotezi muda.

Joka la Ulaya lina mabawa, hutema moto, hulinda hazina na huuawa na shujaa kama Mtakatifu George. Wales, hata hivyo, imeliweka kwenye bendera yake rasmi tangu 1959.

Huko Moshi, mkoani Kilimanjaro, ambako wengi wanaijua sura ya 12 ya Ufunuo, yenye joka jekundu la vichwa saba ambalo ni Shetani mwenyewe, bibi atakayeuona mkono huo wajukuu wakirudi nyumbani Krismasi hataulizia kucha. Mimi ningechagua la Mashariki: penye migomba na mifereji, kiumbe aletaye mvua huelezeka upesi kuliko achomaye vijiji.