Rezista za utando mwembamba kwenye baridi ya heliamu: uzoefu wangu

Nasoma fizikia huku Ujerumani, na kazi yangu ni kupima transista za elektroni mojamoja ndani ya jokofu la heliamu. Kila waya unaoshuka kwenye sampuli lazima upitie kichujio cha rezista na kapasita, la sivyo kelele zote za umeme za chumbani zinaishia kwenye saketi. Kwa kazi hiyo niliagiza rezista za utando mwembamba wa nikromu (aloi ya nikeli na kromu) za omu 1,000, saizi 0603, yaani milimita 1.6 kwa 0.8. Ukipiga chafya umeshazipoteza.

Karatasi ya kiwanda inaishia nyuzi 55 chini ya sifuri. Mimi nazishusha hadi kelvini 4.2, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, huko ambako hakuna aliyeniahidi kitu. Nikazipima mwenyewe kwa waya nne, mbili za mkondo na mbili za volti, ili ukinzani wa waya wenyewe usiingie kwenye kipimo. Ukinzani ulisogea kwa chini ya asilimia moja, na zilipopata joto la chumba zikarudi palepale. Zile za bei poa za utando mnene, za oksidi ya rutheniamu, haziko hivyo: ukinzani wake hupanda kadiri baridi inavyozidi, na chini ya kelvini 1 hupanda kwa kasi hadi watu huzifanya vipimajoto. Huko zinafaa sana. Kwenye kichujio zitakuhamishia mpaka wa masafa, yaani pale kinapoanza kuzuia kelele, bila taarifa.

Kapasita nazo usizisahau. Chukua za kauri za aina ya C0G. Aina ya X7R kwenye baridi hii hupungukiwa vibaya uwezo wa kuhifadhi chaji.

Angalia pia mkondo. Miliampia 1 ndani ya omu 1,000 ni miliwati 1 ya joto. Jokofu la dilusheni, lile linalopoza kwa kuchanganya heliamu-3 na heliamu-4, likiwa kelvini 0.1 kwa kawaida huondoa maikrowati mia kadhaa tu, kwa hiyo hapo umeshalishinda. Mimi napitisha nanoampia, na sijaona shida.

Kero ni kwamba hazina alama yoyote juu. Duka moja la mtandaoni liliniletea za utando mnene ndani ya pakiti iliyoandikwa mwembamba, na kwa macho huwezi kujua. Nitrojeni ya kimiminika nayo haitoshi kuzibaini, kwani kwenye kelvini 77 tofauti bado ni ndogo. Heliamu ndiyo iliyoziumbua.

Bei ni mara kadhaa ya zile za kawaida. Nawapa watengenezaji nyota nne, na ya tano watapata siku watakayochapa hata nukta moja mgongoni.